Maradhi ya Upande wa Mama

Mama alikuwa akikaanga samaki nyumbani kwetu Dunda, Bagamoyo, mara anauweka mwiko chini. Moyo unamwenda mbio, jasho linaloanisha kanga, kichwa kinamgonga. Hali ikitulia, anarudi jikoni. Tukimkimbiza hospitali, tunafika yeye mzima.

"Mama yenu ana wasiwasi tu," muuguzi alituambia, nami nikarudi nyumbani nimeuma meno kwa hasira.

Mjomba, kaka yake mama, alisema ni jini la ukoo. Mama akanyweshwa kombe, akachezewa ngoma, akafukizwa ubani mpaka macho yakamvimba. Adhuhuri moja alianguka, asiinuke tena.

Miaka ya sabini ilipoanza, dada yangu akaota uvimbe shingoni. Nilimpeleka Dar es Salaam akapasuliwe. Daktari alimpapasa, akauliza kama wazazi wetu wako hai, kisha akanigeukia.

"Mama yenu alikufa na nini?"

Nilimweleza. Akamwuliza dada kama naye moyo humwenda mbio. Dada akainamisha kichwa. Kumbe alikuwa akituficha, kwa kuogopa ngoma.

Baada ya kumpima mkojo, daktari alituita. "Tungekimbilia shingo, angetufia mezani. Ana uvimbe mwingine kwenye tezi iliyo juu ya figo, ndio unaopandisha presha. Tutaanza na huo. Maradhi haya ni ya kurithi. Waleteni ndugu zenu tuwapime."

Nilirudi Bagamoyo mbio, nikaenda moja kwa moja kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba." Nikamweleza yote.

"Unataka kumwaga mchele kwenye kuku wengi? Nani atawaoa binti zangu?"

"Lakini hata wewe kichwa kinakuuma kila mara!"

"Kinaniuma kwa kelele zako."

Nilikwenda tena na tena. Mwisho akawa akiniona naingia, yeye anatokea mlango wa uani.

Dada alipasuliwa mara mbili akapona, ila sauti ilibaki ya kukwaruza. Mjomba alianguka barazani kwake, kama mama. Matangani watu wakanong'ona habari za jini lile lile. Nikashindwa kuvumilia, nikawaambia binti zake mbele ya wote, waende wakapimwe. Mkewe akanishika mkono, akanitoa nje.

Binti mmoja tu ndiye aliyekuja kwangu, tena baadaye sana, uvimbe wa shingo umeshakuwa mkubwa.