Mgeni wa Jovitha

Binamu yangu Jovitha wa Izigo ana kazi ambayo mama yake, shangazi yangu, hajawahi kuielewa. Anapokea vifaa vipya vya kompyuta, anavifunga kwenye mashine yake inayotumia mfumo wa Linux, anacheza gemu, halafu anaandika kama vinakubali au vinagoma. Shangazi Edvina aliiita mashine ile "kale kachuma" na hakuwahi kuisogelea.

Safari hii kikundi cha Mwanza kinachogawa vifaa vya kujaribiwa kilimtumia kadi mpya ya picha, kifaa chenye feni kinachochora gemu kwenye skrini, ya kwanza kuletwa wilaya yetu ya Muleba. Walikuwa wamesita sana. Walisema huko vijijini vitu vinaharibika, na hii ikiharibika hawataleta tena kwa mtu yeyote wa huku. Tuliichukua stendi ya Bukoba, na Jovitha akaipakata mpaka nyumbani utadhani kabeba mtoto mchanga.

Akailaza mashine ubavu, kifuniko wazi, akafunga kadi. Tukatoka kunawa mikono. Tuliporudi akawasha gemu ya mbio za magari. Magari yakatoka vizuri, nami nikaanza kushangilia mapema, kama kawaida yangu.

Krrrr.

Feni ya kadi ilikwaruza, ikasimama. Joto likapanda kwenye skrini. Jovitha akazima haraka, uso umempauka.

"Labda ni Linux tu," nikasema, mimi nisiyejua lolote.

"Linux haikwaruzi, Kyaruzi!"

Hata hivyo alibadilisha programu inayoendesha kadi, akawasha tena. Krrrr. Sasa ikaja na harufu ya kitu kinachopata moto. Jovitha akachomoa waya ukutani, akakaa chini. Niliogopa kumtazama. Akashika simu, akaanza kuwaandikia watu wa Mwanza: samahani, nimeiharibu. Hakuwa amemaliza.

Shangazi akatokea mlangoni na kikapu chake kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna ambayo kwetu kila mgeni hukaribishwa nayo.

"Mbona mmenuna? Mgeni amekataa akamwani?"

"Mgeni gani, waitu mama?"

"Si huyo mliyemleta kutoka Bukoba! Umempakata njia nzima. Nikasema, basi huyu ni mgeni kweli. Nimemwekea hapo juu yake mlipokwenda kunawa."

Jovitha aliinamisha mashine polepole. Punje moja ya kahawa ikadondoka sakafuni, ikafuatwa na nyingine iliyokwaruzwa upande mmoja. Akazungusha feni kwa kidole. Ikazunguka bila kelele.

Nilitaka kucheka, lakini Jovitha alikuwa analia. Aliwasha mashine huku amebana pumzi, na magari yakakimbia mpaka mwisho, joto likatulia. Akafuta ule ujumbe wa Mwanza.

Kisha akaokota punje iliyokwaruzwa, akaifuta kwenye gauni, akaitia mdomoni.

"Amepokea, mama," akasema.

Shangazi akavuta kigoda, akakaa mbele ya skrini kwa mara ya kwanza.

"Haya, mwana wange. Hebu nimwone anavyocheza."