Kaseti ya Ng'ombe

Baba yangu alikuwa mwanamuziki wa roki, jambo ambalo pale Kitengela halikumsaidia mtu yeyote. Katika miaka ya sabini, yeye na wenzake watatu walipiga magitaa ya umeme kwenye hoteli za Nairobi, wamevaa suruali pana chini na mashati ya maua, na wasichana wakawa wanapiga mayowe hadi wanazirai. Hivyo ndivyo alivyotusimulia. Shahidi wa mayowe hayo hatukuwahi kumpata. Mama wakati huo alikuwa Ukambani, analima shamba la mawe na kutulea sisi, akimngoja mume aliyekuja nyumbani Krismasi na gitaa mkononi pahali pa sukari.

Mama hakuwahi kumsikia akipiga. Gitaa likifika nyumbani lililazwa ghalani pamoja na kunde, na hapo ndipo lilipokaa hadi siku ya safari. Baadaye disko zikaingia, bendi ikafa, baba akaajiriwa kwenye kiwanda cha simenti, na mwanzoni mwa miaka ya tisini tukahamia sote Kitengela, kwenye ploti ya upepo na vumbi. Jioni baba alikaa nyuma ya nyumba akipiga. Jioni hiyo hiyo mama alichukua Biblia yake na kwenda kwa jirani. Ukimuuliza kwa nini, alijibu, "Hiyo kitu ilikula ujana wangu. Sasa niipigie makofi pia?"

Alipostaafu, baba alitangaza mezani kwamba bendi inarudi na itatoa albamu. Mimi nilikuwa nimeanza kazi ya kushona suruali za kupelekwa ng'ambo, nimechoka, na nilicheka mpaka chai ikanipalia. Hakunijali. Alimgeukia mama.

"Mama watoto," akasema, "mimi sitaki pesa ya hii kaseti. Nataka uisikize mara moja tu, mpaka mwisho. Halafu gitaa nitauza."

Mama akasema, "Tutaona." Nyumbani kwetu neno hilo lilimaanisha hapana, na sote tulilijua, baba akiwa wa kwanza. Hata hivyo nilimwona akitabasamu, na hapo nikaelewa kwamba wale wasichana wa mayowe hawakuwa na maana yoyote kwake. Mtu aliyemtaka amsikie alikuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa akiondoa vikombe.

Wazee wanne wakakusanyika. Mwimbaji alikuwa karani mstaafu kutoka Bungoma, sasa mzee wa kanisa, ambaye ilibidi atoe meno ya bandia ili aimbe vizuri nyimbo za mapenzi. Mpiga besi alikuwa na duka la chakula cha kuku. Mpiga ngoma alikuwa amefanya kazi na baba kwenye kinu cha simenti, na kifua chake kililia hata akiwa amenyamaza. Studio waliyoipata ilikuwa banda la kuku. Kuku wenyewe walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, na mwenye banda, jamaa mpole aliyekuwa akirekodi kwaya za makanisa, alikuwa amefunika kuta zote kwa trei za mayai ili sauti isiruke. Siku ya jua kali harufu ilikukumbusha wenyeji wa kwanza.

Sasa hapa lazima niseme habari ya masikio. Miaka ya kusimama mbele ya spika na miaka ya kusimama kando ya kinu ilikuwa imewala wazee wetu. Baba alisikia mtu akizungumza, alisikia besi, alisikia radi. Lakini sauti nyembamba zilikuwa zimemhama. Birika lilipiga mluzi hadi maji yakaisha naye ameketi kando yake akisoma gazeti. Wenzake walikuwa hivyo hivyo, na nafikiri ndiyo maana walielewana sana. Hakuna aliyekubali. Ukimwambia baba aende hospitali, alikutazama kana kwamba umemtukana mama yake. Masikio yake, alisema, ni ya mwanamuziki.

Yule jamaa wa studio alitaka kurekodi kila chombo peke yake, kama watu wa siku hizi. Wazee walikataa. Walisema roki hupigwa watu wakiwa pamoja, mara moja, na ikishapigwa hairudiwi. Pia walikataa kufunga mlango, kwa sababu ya kifua cha mpiga ngoma. Na nyuma ya lile banda, kila jioni, walipita ng'ombe wa Wamaasai wakitoka kunywa maji, wale viongozi wao wakiwa na kengele shingoni.

Nilifika siku hiyo nimebeba sufuria ya muthokoi, maana wazee wa roki hawapigi wakiwa na njaa. Wimbo ulikuwa umeisha. Jamaa wa studio alikuwa amesimama, amekunja mikono mbele kama mtu anayesubiri kuombewa.

"Wazee wangu, samahani," alisema. "Hapa ndani kuna kengele. Tena ni mingi."

"Kengele gani?" baba akauliza.

Akawapa visikizio. Wakavivaa mmoja baada ya mwingine, wakafumba macho, wakatikisa vichwa kwa uzito wa madaktari. Mwimbaji akarudisha meno ili atoe uamuzi.

"Hakuna kengele," akasema.

"Baba, ziko," nikasema. "Nimezisikia hata nikiwa hapo nje."

"Wewe ni mtu wa kushona suruali," baba akanijibu. "Hii ni mambo ya sauti."

Jamaa wa studio alinitazama, nikamtazama. Alikuwa amelelewa kutowabishia watu wa umri wa baba yake, na wale walikuwa wanne. Niliweka sufuria chini kwa kishindo na kwenda zangu nikiwa nimekasirika hasa. Albamu nzima ikarekodiwa hivyo, jioni baada ya jioni, na ng'ombe hawakukosa hata siku moja.

Kaseti ilipotoka, niliomba Mungu isinunuliwe na mtu, na kwa wiki kadhaa aliniitikia. Kisha mwenye kibanda cha kaseti pale steji akaniambia watu wanaiulizia. Nikasikia inapigwa kwenye bucha za Kitengela, halafu kwenye soko la Kajiado, halafu mtu akaiagiza kutoka Illasit, kule mpakani. Hawakuitaja kwa jina lililoandikwa juu yake, jina la Kiingereza ambalo wazee walikuwa wameligombania kwa mwezi mzima. Walisema, "Nipe ile ya ng'ombe." Mtangazaji mmoja wa redio aliipiga, akasema kwamba wakongwe hawa wamefanya ujasiri mkubwa, wameiingiza mbuga yenyewe ndani ya roki. Baba aliongeza sauti ya redio. Aliamini mbuga ni gitaa lake.

Siku hizo alitembea kifua mbele. Vijana wakimwita njiani, "Mzee wa ng'ombe!" alipunga mkono, akidhani ni heshima ya mtu mwenye mali. Nilitaka kumwambia na sikutaka. Mama naye alikuwa hajaisikiza. Kaseti yake ilikaa juu ya kabati, bado iko na nailoni, na gitaa lilikuwa bado ukutani kwa sababu sharti halijatimizwa.

Kisha ukaja ule ukame mkubwa. Nyasi ziliisha, ng'ombe wakapelekwa hadi mitaa ya Nairobi kutafuta majani ya kando ya barabara, na wengi hawakurudi. Jioni nyuma ya lile banda kukawa kimya. Ulisikia upepo tu, na mizoga uliisikia kwa pua.

Mvua iliporudi, mwanamume mmoja alibisha hodi kwetu, amefunga shuka, viatu vyake vya tairi vimejaa matope ya Mashuru.

"Takwenya," alimsalimia mama kwa Kimaasai.

"Iko," mama akajibu, maana hilo alikuwa amejifunza.

Akaketi, akanywa chai, kisha akamwambia baba, "Mzee, mimi natafuta ile kaseti yenu. Kwa duka imeisha. Ng'ombe yangu iko ndani."

"Ng'ombe?" baba akauliza.

"Ile ya rangi ya majivu. Ndiyo ilikuwa inaongoza. Hiyo kengele niliifunga mimi, iko na ufa, inalia vibaya. Nimeisikia kwa bucha. Zote zilikufa, mzee. Hakuna ingine imebaki."

Baba alinitazama mimi, akamtazama mama, na sote wawili tukaangalia chini. Hapo akajua. Sijawahi kuona mtu akizeeka akiwa ameketi, lakini siku hiyo niliona. Aliinuka, akachukua kaseti ya mama juu ya kabati, akaichana nailoni na kuiweka kwenye redio ili mgeni asikie kama ndiyo yenyewe. Mgeni alisikiza ameinamisha kichwa, machozi yakimtoka bila aibu. Kisha baba akaitoa, akampa, akakataa pesa.

Alibaki na kaseti moja, ile yake. Mgeni alipoondoka aliiwasha tena na kukaa ameegemeza sikio kwenye spika.

"Mimi sisikii kengele," akasema. "Sisikii kabisa."

Mama alivuta kigoda, akaketi karibu naye, akauchukua mkono wake. Kila kengele ilipolia alimgonga kwa kidole kwenye kiganja. Aligonga polepole, bila kukosea, wimbo baada ya wimbo, naye baba akatazama kile kidole. Katikati ya wimbo wa mwisho, gitaa lilipobaki peke yake, kidole kikasimama.

Baba akamtazama. "Imeisha?"

"Hapa hakuna kengele," mama akasema. "Hapa ni wewe. Rudisha nyuma kidogo."