Shemeji yangu kidevu kimeota mvi, ila kwao bado ni "mchanga"

Wakuu, asalaam aleikum, na nyinyi wa bara niambieni. Haya sikuhadithiwa, nilikuwepo mkekani nikiona kwa macho yangu.

Kwetu Msambweni, mtu akiitwa "mchanga" basi hajaijua dunia. Hana hila. Ukimtuma sokoni Kombani anarudi na nyanya zilizooza, na bado anamsifu aliyemuuzia.

Neno zuri tu. Ila kuna watu wamelichakaza.

Mdogo wangu Mwanasha ameolewa Tiwi. Mumewe ni mtu mzima, na mvi juu. Juzi kati akaaga kwamba anakwenda matangani Lunga Lunga. Mwanasha akampigia pasi kanzu kwa mkono wake.

Jioni akaiona kanzu ile ile kwenye status ya jamaa mmoja. Aliyeivaa ni mumewe mwenyewe, na ndiye bwana harusi!

Matanga gani hayo ya kuvishwa maua shingoni?

Mwanasha akarudi nyumbani kudai talaka. Kikaitwa kikao, na mjomba wa shemeji akaja kumwombea.

"Msameheni, bado mchanga huyu. Marafiki ndio waliompoteza."

Shemeji naye kainamisha kichwa kama mwali! Nilichemka. Kilichoniuma zaidi ni wazee wetu wenyewe kuitikia. Wakamgeukia Mwanasha, msichana ambaye hata miaka ishirini na mbili hajatimiza, wakamwambia yeye ndiye mtu mzima, avumilie.

Mwanasha akajitanda vizuri mtandio wake.

"Shikamoo mjomba. Mtoto haandikiwi dhambi, ni kweli. Lakini pia hapewi mke. Kama huyu ni mchanga, mimi mliniozesha kwa nani? Na kama ni mtu mzima, alijua alilolifanya. Nichagulie wewe."

Mjomba akaomba maji ya kunywa.

Shemeji ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akainua kichwa, amefura. "Mimi si mtoto!"

"Alhamdulillahi," akasema shangazi yangu. "Basi toa talaka kama mwanamume."

Akaitoa pale pale, mjomba wake akimvuta kanzu anyamaze.

Nilichojifunza: mtu wa aina hii usihangaike kumthibitishia kosa lake. Mguse heshima yake tu, atakua mbele ya macho yako.

Haya, tiririkeni. Huko kwenu mwanamume anaacha kuwa mchanga akifika umri gani? Na mwanamke je, kuna siku aliwahi kuruhusiwa kuwa mchanga?