Tulipokuwa Breki za Baiskeli ya Mjomba

Enzi zetu, na msicheke, maana hata mimi thelathini sijafika, baiskeli za watu wa juu hazikuwa na breki. Breki tulikuwa sisi watoto.

Kijiji chetu kiko ukingoni mwa uwanda wa juu, na ukitaka kwenda Ndanda unateremka mpaka magoti yanatetemeka. Mjomba alishika usukani. Mimi na dada yangu Somoe tulishika kamba ya katani iliyofungwa kwenye keria, tukivuta kwa nyuma ili baiskeli isikimbie. Mama alitembea pembeni. Alfajiri mjomba aligonga dirisha, "Breki, amkeni!" nasi tukatoka tukitafuna ming'oko ya jana, vile viazi vya porini.

Mzigo ulikuwa vyungu vya mama, vimepangwa kwenye matenga mawili, nyasi kavu katikati. Miezi ya mvua, muhogo shambani ungali mchanga na makopa, ule muhogo mkavu wa akiba, yameisha, vyungu hivyo ndivyo vilikuwa chakula chetu. Akina mama wa bondeni walikuwa na akiba ya mpunga, na bei yao ilikuwa ileile ya tangu zamani: ukitaka chungu, kijaze mpunga, chungu chako, mpunga wa mfinyanzi. Chungu chenye ufa hakikuwa na bei. Kikipasuka kimoja njiani, nyumbani tunalala na kisamvu kitupu.

"Ishikeni ingali mpole," mjomba alikuwa akisema. "Ikishakasirika hamuiwezi." Na kweli, baiskeli kutembea hakukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba kila hatua ilitaka kwenda zaidi ya hatua iliyopita.

Siku moja njia ilikuwa imelala kidogo, mjomba akatuonea huruma. "Legezeni mpumzike." Tukalegeza. Mwanzo tukawa tunatembea, mara tunakwenda mchakamchaka kama mbuzi, mara tunakimbia, kandambili ya Somoe ikabaki nyuma.

"Vuteni!" mjomba akapiga kelele. "Vuteni jamani!"

Tukavuta kwa mpigo, kwa nguvu zetu zote. Baiskeli ikasimama. Ndani ya tenga kukasikika, ko!

Mjomba akamgeukia mama. "Si imesimama, dada?"

"Baiskeli imesimama," mama akajibu. "Vyungu havikuambiwa."

Hakufungua tenga kuangalia. Alisema tukifungua hapo nyasi zitalegea na vingine vitaharibika. Tukaendelea hivyohivyo, kila mtu na moyo wake. Pale kwenye kona kubwa tulikwenda polepole sana, mwendo uleule bila kuongeza wala kupunguza, na bado vyungu vikaegemea upande wa bondeni kana kwamba vinataka kuendelea na njia iliyonyooka. Mama aliweka viganja vyote viwili kwenye tenga la nje, akazunguka nalo mpaka kona ikaisha.

Chini alitusubiri Mama Zuhura, mteja wetu wa siku zote. Baada ya shikamoo na marahaba alikaa kwenye mkeka, akawa anachukua chungu kimoja kimoja, anakigonga kwa kidole huku sikio liko karibu. Ngii. Ngii. Kimoja kikalia kwa! kama kopo. Ufa ulianzia mdomoni ukashuka mpaka katikati. Mama akatazama chini.

Mama Zuhura akakigeuza, akapitisha kucha kwenye ule ufa. "Mama Somoe," akasema, "hiki nakijaza mpaka ufa unapoishia. Mimi nitawekea mbegu za maboga, mbegu hazivuji."

Akajaza. Mpunga ulifika nusu. Somoe akanifinya kwa furaha, na nina hakika mjomba alifuta macho, ingawa alisema ni jasho.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wetu wa fizikia, mgeni kutoka Bukoba, aliandika ubaoni spidi, velositi na mchapuko. Spidi, akasema, ni umbali uliokwenda ukiugawanya kwa muda uliotumia. Velositi ni hiyo spidi pamoja na upande unaoelekea. Ikibadilika velositi, iwe kuongezeka, kupungua au kugeuka tu, hapo kuna mchapuko. Kwa hiyo hata gari linalokata kona kwa spidi ileile lina mchapuko. Darasa likamtolea macho.

Nikanyoosha mkono. "Ndiyo, mwalimu. Ndiyo maana mama alikuwa anashika tenga."

"Tenga gani tena, binti?"

Walinicheka mpaka kengele ikalia. Fizikia yenyewe iliniacha mkono kidato cha nne, lakini kwenye mtihani swali la kona nililipata.

Siku hizi mama hafinyangi. Watu wanapikia sufuria, na wadogo zetu wanashuka kwa bodaboda wamevaa miwani, hata kona wanaisalimia kwa honi. Ukiwaambia ulikuwa breki wanauliza ya mbele au ya nyuma. Nikiwa na haraka napanda nao, sikatai. Tunafika Ndanda kabla sijamaliza kuwaza jambo moja. Enzi zile, kwa kuwa vyungu havikutaka papara, njia hiyohiyo ilinitosha kuwaza maisha yangu yote, nyumba, watoto, mpaka mvi, na tukifika chini nafasi ya kuwaza ilikuwa bado imebaki.