Barua Niliyoilaza Posta

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili mtu asisome hadi chini akitafuta mwingine wa kumlaumu. Si Mtaliani, si mgomo, si bahari. Ni mimi, na jina langu nalificha kwa sababu ndugu yangu yu hai na anajua kusoma.

Siku zile Mtaliani akitawala, nilikuwa mtu wa posta Kismayu. Kazi yangu ilikuwa kuchukua mfuko wa barua kwa boti ya posta, nipite visiwa vyetu vya Wabajuni mpaka Ras Kamboni, kisha nirudi. Nilipewa kofia yenye beji ya shaba. Kofia ile ilinivimbisha kichwa, wenzangu, msione haya kunicheka.

Kabla ya posta, watu wa visiwani walikuwa na njia yao. Ukiwa na barua, unampa nahodha yeyote anayeelekea huko. Anaikunja, anaitia ndani ya kilemba, anasema, "Amana imefika kwangu," basi. Hakuna stempu wala muhuri. Nahodha wa kupoteza barua ya mtu angeonekana sawa na aliyekula mali ya yatima, na mimi sikuwahi kusikia hata mmoja.

Njia hiyo niliivunja mimi. Sheria ilikataza barua zisizo na stempu, lakini wakubwa wangu wangejuaje kilemba cha nani kina nini? Mimi nilijua. Nikamtaja Nahodha Famau, mtu wa kwetu Kudhaa, aliyenifunza kuogelea nikiwa mtoto. Wakamshika bandarini, wakamvua kilemba mbele za watu, wakamtia ndani. Alipotoka walimtia wino kidoleni, akaweka alama kwenye karatasi kwamba akirudia, mashua yake itachukuliwa. Mimi kapo, mkubwa wetu Mtaliani, alinipiga bega kwa furaha, nikaenda nyumbani na halua.

Baada ya hapo manahodha wote wakaogopa. Kina mama wa Kudhaa wakaanza kununua stempu kwangu. Nami nikajiona nimewaletea maendeleo.

Sasa nije kwa baba. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua. Mdogo wangu, nitamwita Shee, aliuza tezo la baba, lile tezo la kuchongea alilorithi kwa babu yetu, akapanda chombo akaenda zake Mombasa. Siku hiyo baba alisema mbele za watu kwamba hana radhi naye. Kwetu hilo si neno dogo. Mtu bila radhi ya babake hata akipata, hapati. Shee huko Mombasa kila alichoshika kiliharibika, na mwenyewe alijua kwa nini.

Miaka ikapita, hasira ikapoa. Baba akashikwa na kifua, akawa wa kulala tu. Siku moja nimepita Kudhaa na mfuko wangu, akaniita.

"Mwite nduyo," akasema. "Nataka kumpa radhi kabla sijaondoka."

"Nitamwandikia kwamba umemsamehe, baba. Atapumua huko huko."

"Nimekwambia umwite. Sikukwambia umsamehe." Akakohoa, akangoja kifua kitulie, akaendelea kwa Kibajuni chake. "Radhi ni kichu cha mkono na mdomo. Aje akae hapa, nimshike kichwa, nimtemee mate ya dua. Haiendi kwa barua."

Nikaandika barua pale pale: njoo, baba anakuita. Famau alikuwa anapakia chombo chake pwani, anatoka adhuhuri kwenda Lamu, na huko hakosi mtu wa Mombasa. Baba akasema, "Mpe Famau. Kwa ajili yangu atakubali."

Nikacheka. Naam, nilicheka mbele ya mgonjwa. Nikamwambia, "Mimi ni mtu wa posta, baba. Barua ya nyumba yetu iende ndani ya kilemba kama ugoro?"

Baba akanitazama kidogo. "Haya," akasema. "Mwenye kofia ni wewe."

Utaratibu wetu ulikuwa hivi: barua ya Kudhaa ipande kwanza Kismayu ikapigwe muhuri, ndipo ishuke tena kusini kwenda Mombasa, ipite mbele ya Kudhaa ile ile ilikotoka. Nikaona sawa tu. Nikafika Kismayu, nikanunua stempu kwa mkono wangu, nikaitia katika mfuko wa Mombasa, nikaenda kulala bila wasiwasi.

Kulipokucha tukaitwa uani. Manung'uniko yalikuwa ya siku nyingi. Mtaliani na Msomali walikaa dirisha moja, kazi moja, na mishahara yao mbingu na ardhi. Sisi wa boti posho ilikuwa imesimamishwa bila neno. Karani Dahir, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akaleta Msahafu, akasema kila mmoja ale yamini: mfuko wowote hautoki hapa mpaka tujibiwe.

Zamu yangu ikafika. Mkono ukiwa juu ya Msahafu ndipo nikakumbuka barua ya baba. Ningeweza kusema ngoja. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na nilijiambia ni mambo ya siku moja au mbili. Nikaapa, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hazikuwa siku mbili. Kapo naye akaja na kufuli lake, akafunga chumba cha mifuko, akasema tutaona nani atachoka kwanza.

Nikamwendea Dahir. "Walaal, ndugu yangu, ni barua moja tu. Baba yangu ni mgonjwa."

"Walaal," akanijibu, "mfuko ule una barua za baba wa watu wangapi? Dawa ya mke wangu imo chumba hicho hicho, imekuja na meli, nayaona madirisha yake kila nikipita. Ukitoa wewe, nitoe na mimi, kesho hatuna mgomo."

Alikuwa na haki, na hata angekubali, ufunguo alikuwa nao kapo.

Nikapata ngarawa, nikarudi Kudhaa. Famau alikuwa amesharudi kutoka Lamu, amekaa anashona tanga. Hebu fikirini. Barua ile ningempa mkononi, siku hiyo ingekuwa imeshafika kwa Shee zamani. Nikamshika Famau miguu. Nikamwambia yote: baba anavyozidiwa, na kwamba radhi anataka kuitoa kwa mkono wake, si vinginevyo.

Hakunisuta. Heri angenisuta.

"Barua sichukui," akasema. "Kidole changu kiko katika karatasi yao, na mashua hii inalisha watoto wa marehemu nduyangu. Lakini mdomo hawakuutia wino. Nitakwenda mwenyewe mpaka Mombasa nimwambie."

Akatoka siku ile ile. Nikabaki mimi na baba.

Kila asubuhi alitaka tumkalishe akielekea mlangoni. "Barua imefika?" ananiuliza. Nami namjibu, "Iko njiani, baba." Iko njiani! Iko ndani ya chumba Kismayu, chini ya kufuli.

Alipoanza kupotewa na sauti nikamwomba. Nikasema, "Basi nipe mimi radhi ya Shee, nimshikie mpaka aje."

Akatikisa kichwa. "Radhi si amana," akasema. "Haishikiwi na mchu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Kesho yake tukamzika.

Shee alifika tuko katika khitma. Alipanda kutoka pwani, viatu mkononi, suruali imerowa mpaka magotini, na Famau nyuma yake amembebea mzigo. Aliwaona watu na misahafu, akaelewa. Akaja mpaka mbele yangu bila salamu.

"Kaka, baba alisema nini juu yangu?"

Nikamtazama uso, umekonda, mvi zimeanza kabla ya wakati. Nikasema, "Amekuwia radhi. Aliniachia mimi nikushike kichwa kwa niaba yake."

Akapiga magoti. Nami nikamshika kichwa, nikamtemea mate ya dua, mkono wangu huu. Alilia mpaka watu wazima wakageuza nyuso. Famau peke yake alinitazama, kwa sababu yeye alijua baba alitaka nini. Kisha akainamisha macho.

Mgomo ulikufa bila kupata kitu. Dahir alifukuzwa, na dawa ilipotoka haikuwa na wa kuinywa. Posta ikafunguliwa, lakini boti ya visiwani wakasema haina faida, wakaiuza. Kofia nikairudisha. Siku hizi Kudhaa haina posta, na kilemba nacho si kilemba cha zamani, maana vijana walikua wakijua kwamba kubeba barua ya mtu ni kujitafutia kesi. Walijifunza kwangu.

Wewe unayesoma, kama una neno la kumpelekea mtu na yuko anayekwenda mbele yako, mpe aende nalo. Usingoje muhuri. Na kama umekosana na mzazi, usingoje kuitwa.

Shee mambo yake yalinyooka. Ana duka, ana mke, na mtoto wao wa kiume amempa jina la baba. Kila Idd huniletea salamu: "Kaka, ni ile radhi uliyonipitishia." Nikimwambia kweli, nitamfungia mlango aliodhani umefunguka. Nikinyamaza, nimeiba neno la maiti. Nimewauliza masheikh kwa mafumbo, na kila mmoja ananiambia lake.

Na juzi Shee amemtuma Famau, mzee sasa, anipe habari. Mfungo mosi, Ramadhani ikiisha, Shee anakuja na mtoto. Anataka nimshike kichwa mjukuu, kama nilivyomshika yeye, kwa mkono wa baba. Famau yuko barazani kwangu tangu asubuhi, kahawa yake imepoa, anangoja nimpe jibu la kupeleka.