Punje Iliyozima Mbele ya Baba

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kwa sababu nilikuwa na hasira hata kabla ya chai. Mumbua, mdogo wangu, alikuwa amerudi Kilungu kutoka chuo kikuu, na Baba akamchinjia mbuzi. Mimi nilipomaliza Form Four na wewe tumboni, hata kuku hakuchinjwa.

Mumbua anasomea punje za madini ndogo kuliko vumbi. Ukizimulika, zinatoa mwanga wa rangi. Zikiwa nyingi pamoja mwanga unatulia, lakini yeye huzitazama moja moja. Akatuonyesha kwa simu, moja kwa moja kutoka maabara yao: giza, na nukta nyekundu. Baba akamsifu mpaka nikasema moyoni, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mara nukta moja ikazima.

"Imekufa!" nikasema. Roho yangu ilifurahi, sikufichi.

"Haijafa, dada. Chaji ya umeme imenaswa ndani. Inamulikwa lakini haiwezi kujibu. Ngoja."

"Ningoje hadi lini?"

"Hakuna anayejua. Ndiyo maana sibandui macho."

Tukangoja, nyama ikipoa. Ikawaka tena! Baba akapiga makofi kama yuko kanisani. Nikaona hapo ndipo pa kusemea: nataka kwenda chuo cha ufundi Kibwezi, wewe ubaki na Susu, mama yake Baba.

Baba hakunitazama. "Wewe ulishazima."

Susu akaweka chini kiondo alichokuwa akisuka. "Wee Mutinda, hiyo ya simu umeingojea mpaka nyama imepoa. Huyu uliyemzaa umemngojea kiasi gani?"

Baba akaanza kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yake. Nami nikazidi kumchukia Mumbua. Kwani hata kunitetea lazima kupitie simu yake?

Chuo kilipofunguliwa, Baba mwenyewe alinibebea godoro mpaka stage ya basi. Mumbua bado namwonea wivu hadi leo, na akipiga simu napokea.

Sasa sikiza, mwanangu. Kuteleza si kuanguka. Aliyekutazama mara moja tu ukiwa gizani asikwambie umekwisha. Na ukimwona mwenzako amezima, usikimbilie kufurahi kama mimi. Hujui kilichonaswa ndani yake. Mungu akupe watu wa kukungoja. Wakikosekana wote, mama yako yupo, na sibandui macho.