Masikio ya Rubani

"Mama, simdharau baba. Ningekuwa namdharau ningenyamaza kama wewe."

Mama hakuinua uso. Alikuwa anapiga pasi shati jeupe la baba, la kuanzia kazi keshokutwa.

"Daktari kampima, kampitisha. Wewe masikio umesomea kidato cha ngapi?"

Daktari mwenyewe ni rafiki wa baba wa zamani, anayekaa mtaa wa Mirongo. Walikaa wanatazamana, daktari ananong'ona, baba anarudia. Ndivyo alivyopita.

Kurudia ni desturi ya nyumba yetu. Baba alianzia wanamaji, akapelekwa nje kusomea nyambizi. Huko chini ya maji hakuna anayetekeleza amri kabla hajairudia kwa sauti. Aliporudi, nchi haikuwa na nyambizi hata moja, wakamfundisha urubani wa ndege za doria, akaruka mpaka akastaafu. Mazoea ya nyambizi akatuletea hapa mtaani kwetu Mabatini: ukitumwa chumvi unajibu, "Chumvi, naenda." Wageni wakicheka anawaambia, "Nimeishi chini ya maji, nimeishi juu ya mawingu. Hapa katikati ndipo pananishinda."

Sasa biashara zimefunguliwa, watu binafsi wana ndege zao, na mmoja wao amempa baba ndege ndogo ya kupeleka abiria Bukoba. Nilifurahi mno, mpaka jana.

Tangu niko darasa la tano, taarifa ya habari ya mchana ikiisha baba ananiambia, "Haya, nirudishie." Namsimulia yote. Nilijua ananifundisha kuwa msikivu. Jana betri za redio zikaisha katikati ya habari. Redio kimya kabisa, na baba bado ameiinamia, anatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na jambo. Baadaye akageuka. "Haya, nirudishie."

Leo asubuhi alipokuwa ananyoa ndevu uani nikasimama nyuma yake. "Baba, kuna nyoka mguuni pako." Akaendelea kunyoa.

Nilipomweleza mama hayo, akaweka pasi pembeni.

"Unadhani umegundua wewe? La kushoto lilikufa kabla hujazaliwa. La kulia limefuata polepole. Anasoma midomo yetu."

"Na mtu wa mnara wa uwanja wa ndege, mdomo wake atauona wapi? Akiambiwa asitue, je?"

"Unataka arudi kukaa barazani kuangalia kunguru? Hukumwona alivyokuwa?"

Nilimwona. Miaka miwili alikuwa anaamka alfajiri, anavaa viatu, anafunga kamba, halafu hana pa kwenda.

"Abiria nao wana watoto, mama."

Hapo baba akaingia, akatutazama usoni mmoja mmoja. "Mnabishania nini nyie?"

"Shati," mama akasema, akitamka vizuri.

"Shati. Sawa." Akalichukua, akalipima kifuani, akacheka. "Bado linanitosha!"

Nami nikamwambia limempendeza.

Naandika hapa nina hasira, na nyingi ni juu yangu mwenyewe. Lakini nimeamua. Kesho asubuhi, mama akishatoka kwenda sokoni, nitakaa mbele ya baba nimwambie taratibu kwamba najua. Akikubali, nitamsindikiza kwa mwenye ndege akamwombe kazi ya ardhini. Akikataa, nitakwenda peke yangu kumweleza huyo mwenye ndege, kabla ya saa nne.